Gobori Lilistahili Bei Yake

Ipo kauli iliyokwisha kukita mizizi hapa Nairobi, nayo husemwa kwa utulivu wa mtu asiyetazamia kubishiwa, katika baraza za Lavington na Karen, katika vikao vya wasomi jirani na Chuo Kikuu, na hata midomoni mwa waalimu wanaowapandisha watoto wa shule kilima cha Makumbusho, ya kwamba bunduki za kushindilia zilizoingia pwani yetu katika karne ya 19, yale magobori yaliyochukuliwa na misafara kutoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa hadi kwenye maziwa makuu, zilikuwa takataka za viwanda vya Ulaya, zilizofuliwa kwa pupa na kuuzwa kwa hadaa. Na ya kwamba bunduki pekee iliyostahili fedha ya mnunuzi ilikuwa ile iliyofuliwa na fundi mwenye jina, katika karakana ya London, kwa kipimo cha bega na mkono wa mwenyewe. Wazee wetu, ndivyo inavyosemwa, walitoa pembe za ndovu wakapewa mabomba ya chuma. Kauli hii naikataa yote, mwanzo wake na mwisho wake, wala siikatai ili kuwapamba wazee kwa sifa wasizokuwa nazo, bali kwa sababu ushahidi uliopo, ukitazamwa kwa insafu, waelekea upande mwingine kabisa: gobori la bei nafuu ndilo lililomrudishia mnunuzi wake thamani ya mali aliyoitoa, na bunduki ya kuagizia kwa kipimo, ilipoletwa katika nchi hizi, aghalabu ilikuwa pambo ghali lililomlemea mwenyewe.

Yafaa kwanza tuulize kauli hiyo imezaliwa wapi, maana fikira nayo ina nasaba yake. Nairobi si mji wa gobori. Ulianza mwaka 1899 kwa kambi ya reli, na kufikia wakati huo zama za misafara ya pembe zilikuwa zikielekea ukingoni, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kutia sahihi Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, yaliyoibana biashara ya silaha katika Afrika tangu latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Kwa hiyo mtu wa Nairobi hakupata kuliona gobori likifanya kazi yake. Bunduki aliyoiona ni ile iliyoteremshwa kutoka katika gari moshi pamoja na masanduku ya wageni wa kuwinda, bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland au ya Rigby, iliyonakishiwa na kulazwa ndani ya kasha la ngozi, na nyuma yake Mwafrika aliyeruhusiwa kuichukua begani lakini si kuimiliki. Theodore Roosevelt alipokuja mwaka 1909, bunduki yake ya Holland ya mitutu miwili, aliyotunukiwa na marafiki zake wa Uingereza, ndiyo iliyobaki katika fikira za watu kuwa mfano wa bunduki iliyo bora. Hayasemwi sana yale mengine: ya kwamba Roosevelt huyo huyo, kwa kuwinda simba, aliisifu mno bunduki ya Winchester ya 405, iliyokuwa kazi ya kiwanda cha Marekani tangu mtutu hadi kitako, wala ya kwamba W. D. M. Bell, aliyeua ndovu zaidi ya elfu moja katika Karamoja na kwingineko, wengi wao aliwaua kwa bunduki nyembamba yenye mtambo wa Mauser, aina ya mtambo uliokuwa ukitoka kiwandani Ujerumani kwa maelfu na maelfu. Bunduki hizo si za kushindilia, nami nazitaja kwa sababu moja tu, kwamba ndizo zilizoupa mji huu mizani yake. Tangu mwezi wa Mei 1977 uwindaji wenyewe umepigwa marufuku katika Kenya, bunduki zimebaki kuwa hadithi, na mizani ile ya wageni wa safari ingali ikitumiwa kulipimia gobori na watu ambao hawajapata kulishika.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kwamba gobori lilitoka kiwandani, ilhali bunduki ya bwana mkubwa ilitoka mikononi mwa fundi. Hoja hii huanguka mara mtu anapojua jinsi kazi ilivyofanyika katika Birmingham, mji uliozifulia nusu ya dunia bunduki za bei nafuu. Katika mitaa ya wafua bunduki, iliyolizunguka kanisa la Mtakatifu Maria na Steelhouse Lane, hapakuwa na kiwanda kwa maana tunayoifahamu leo, bali vyumba vingi vidogo, kila kimoja na fundi wake na wanagenzi wake wawili watatu: huyu akiunga mtutu kwa moto na nyundo, yule akiukereza tundu lake, wa tatu akifutua mtambo kwa tupa, wa nne akichonga kitako, wa tano akikitia chuma ndani ya mti, na bunduki ikipita kutoka mlango hadi mlango, mara nyingine kwenye kikapu cha mtoto, mpaka ikakamilika. Mikono iliyofua bunduki ya jeshi ndiyo iliyofua na gobori la Afrika. Mashine za kufanya vipande vinavyolingana, ambavyo chochote huweza kuingia mahali pa kingine, hazikufika Uingereza kwa wingi ila katika miaka ya 1850, zilipoagizwa kutoka Marekani na kuwekwa katika kiwanda cha serikali cha Enfield. Na kampuni ya BSA, iliyokusudia kuifanya kazi hiyo kwa mitambo huko Birmingham, iliundwa mwaka 1861. Hata hapo mashine zililenga mahitaji ya majeshi, si ya soko la Unguja. Ama hao mafundi wa London wenye majina, wao nao hawakufua kila kipande kwa mikono yao. Mitambo yao mizuri aghalabu ilitoka Wolverhampton, kwa watu kama Joseph Brazier, na jina la London likachorwa juu yake. Tofauti baina ya bunduki mbili hizo, basi, haikuwa tofauti ya mashine na mkono. Ilikuwa tofauti ya saa za kupiga msasa, ya nakshi, ya mti wa kitako, ya ulaini wa mtambo, na ya kasha la kuiwekea. Mambo hayo yana uzuri wake, nami siyabezi. Lakini mtu aliyeyalipia alilipia zaidi kile kinachoonekana barazani kuliko kile kinachotokea porini.

Wengine husema kwamba gobori lilikuwa likipasuka usoni mwa mpigaji, na kwamba hilo latosha kuwa hukumu. Kupasuka kulikuwako. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1813 iliamuru kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida kabla ya kuuzwa, ukapigwa muhuri, na Birmingham ikajengewa nyumba yake ya majaribio mwaka huo huo. Liège nayo, mji wa Ubelgiji uliokuwa mshindani mkuu wa Birmingham katika biashara ya Afrika, ilikuwa na nyumba kama hiyo. Walikuwako walioghushi mihuri na waliopitisha mitutu mibovu, kama wanavyokuwako walaghai katika kila biashara. Ila mtutu uliopasuka katika nchi zetu mara nyingi ulipasuka kwa sababu mwenye bunduki, akiwa na baruti ya namna asiyoijua nguvu zake, alishindilia viganja viwili mahali pa kimoja, kisha akaongeza vipande vya chuma na changarawe. Na mtutu wa London, ungalitendewa hivyo, usingalikuwa na rehema zaidi.

Sasa na tuutazame mfano ambao wapinzani wangu hawautaji, ingawa umo katika kitabu ambacho wengi wao wamekisoma. Mwaka 1862 John Hanning Speke alifika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda, na miongoni mwa tunu alizompelekea ilikuwamo bunduki ya Whitworth. Huenda hapakuwa na bunduki ya kushindilia iliyokuwa bora kuliko hiyo duniani mwaka huo. Joseph Whitworth wa Manchester, mhandisi aliyekuwa hodari wa vipimo kuliko watu wa zama zake, aliufanya mtutu wake kuwa na tundu la pembe sita lililojipinda tangu mwanzo hadi mwisho, na risasi zake zikachongwa kwa pembe sita ili zilingane na tundu. Katika majaribio ya mwaka 1857 bunduki hiyo iliweza kulenga shabaha ya yadi 2,000, ambapo ile ya Enfield ilikoma kwenye 1,400. Na mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon kwa kupiga risasi ya kwanza kwa bunduki ya Whitworth. Pamoja na sifa zote hizo, jeshi la Uingereza liliikataa. Liliikataa kwa kuwa bei yake ilikuwa karibu mara nne ya bei ya Enfield, na kwa kuwa tundu lake jembamba liliziba upesi kwa masizi ya baruti. Wenye hazina ya dola kubwa kuliko zote waliipima bunduki iliyo bora kwa mizani ya thamani na matumizi, wakaiona haifai kwa askari wao, na hakuna mtu aliyewaita wajinga kwa uamuzi huo.

Je, bunduki hiyo ilimfaa nini Kabaka? Ilimfaa kwa heshima, na heshima katika jumba la mfalme si jambo dogo. Lakini risasi za pembe sita zilikuwa mfukoni mwa mgeni, na mgeni aliondoka. Na kutoka Buganda hadi Unguja ulikuwa mwendo wa miezi, kupitia nchi za watawala waliotoza hongo kila kituo. Mutesa hakuketi akingojea risasi za Manchester. Alifanya aliyoyafanya kila mtawala mwenye akili wa wakati wake: aliwapokea wafanyabiashara wa pwani, akatoa pembe, akapokea bunduki za kawaida kwa wingi, hata msafiri Stanley alipofika kwake mwaka 1875 alilakiwa kwa milio ya bunduki na askari waliojipanga. Mtu aliyekwisha kuishika mkononi mwake bunduki iliyo bora duniani, kisha akatumia mali yake kununua magobori, hawezi kusemwa kwamba alinunua magobori kwa kuwa hakujua kitu kizuri kilivyo. Alijua. Alichagua kile ambacho risasi yake ingeweza kupatikana mahali alipo.

Katika hili ndimo lilimo shina la shauri lote. Bunduki ya kushindilia ni nusu ya chombo, na nusu yake ya pili ni baruti, risasi, jiwe la gumegume au fataki, mdeki usiovunjika, na fundi wa kuitazama. Mnunuzi asiyeihesabu nusu ya pili hajajua bei ya alichonunua. Gobori la mtutu laini lilikubali karibu kila kitu: risasi ya mviringo iliyopungua kidogo, kitambaa cha kuijaza nafasi, marisau, vipande vya chuma vilivyokatwa na mfua majembe wa kijijini. Wayeke wa Msiri huko Katanga, watu waliotoka Unyamwezi na kujijengea dola iliyodumu hadi Msiri alipouawa mwezi wa Disemba 1891, walifua risasi za shaba kutokana na shaba ya machimbo yao wenyewe. Nawauliza wanaolibeza gobori: ni bunduki gani ya London ingaliweza kulishwa hivyo? Mtutu wenye mifuo, uliopimwa kwa unywele ili upokee risasi ya namna moja tu, ungaliharibika kwa chuma cha kwanza kilichoburutwa ndani yake, na mwenyewe angalibaki na fimbo ya bei ya ng'ombe wengi.

Wapo watakaojibu kwamba nawasemea watu wa bara kwa kuwa hawakuwa na budi, na kwamba mtu mwenye uwezo wa kuchagua angalichukua kazi ya kipimo. Basi na tuwatazame Wazungu wawili waliokuwa na uwezo huo. Sir Samuel Baker, aliyefika kwenye ziwa Mwitanzige mwaka 1864, alikuwa tajiri, hodari wa kuwinda, na mpenzi wa bunduki za kuagizia. Katika safari hiyo alichukua moja aliyofuliwa na Holland kwa matakwa yake mwenyewe, yenye kupiga kombora la nusu ratili, ambayo watumishi wake wa Kiarabu waliiita mtoto wa mzinga. Ameandika mwenyewe kwamba haikupata kumkosea mnyama, nami namsadiki. Lakini ameandika pia kwamba teke lake lilimzungusha kama tiara, kwamba aliiogopa, na kwamba aliipiga kwa nadra sana. Bunduki iliyofuliwa kwa kipimo cha mtu, naye mtu huyo ana mwili wa miraba minne, ikawa mzigo wa kubebwa na wengine kutoka Khartoum hadi Bunyoro kwa ajili ya milio ya kuhesabika! Ukizigawa gharama za kuifua na kuibeba kwa idadi ya milio hiyo, utaiona thamani yake.

Wa pili ni Frederick Selous, yule aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na ambaye hifadhi kubwa ya Tanzania ilipewa jina lake. Alipofika Afrika Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19, bunduki yake nzuri ya Reilly ya mitutu miwili iliibwa njiani. Mahali pake akanunua bunduki mbili za kushindilia za mtutu laini, kazi ya Hollis wa Birmingham, kwa pauni 6 kila moja, bunduki nzito zisizo na nakshi, zenye kupokea risasi ya wakia 4, nazo alizitilia baruti ya kawaida ya biashara kwa mkono kutoka katika mfuko wa ngozi. Kwa bunduki hizo, baina ya mwaka 1872 na 1874, aliua ndovu 78. Sifichi kwamba Selous baadaye alizilaumu, akasema mateke yake yaliudhuru ujasiri wake kwa maisha. Wala hapana haja ya kuficha, kwa maana lawama hiyo yalingana na ile ya Baker juu ya bunduki yake ya thamani kubwa. Mateke hayakujali bei. Kilichotofautiana ni hesabu: mmoja alilipa mali nyingi akapiga mara chache, mwingine alilipa pauni 12 na pembe alizozipata zikayafungua maisha yake yote ya uwindaji. Pembe hizo nazitaja kwa hesabu tu. Kuangamia kwa ndovu wa nchi hizi ni jambo la kuhuzunisha, nitalirudia.

Mtu asidhani kwamba nawashambulia mafundi na kuitetea mali ya jumla jumla. La hasha. Gobori lilipotua katika ardhi yetu halikubaki kama lilivyotoka Birmingham au Liège; liliingia mikononi mwa mafundi wengine, na hao ndio walioipandisha thamani yake, nao ndio wasiotajwa kamwe. Wachokwe, katika nchi ambazo leo ni Angola na kusini mwa Kongo, walisifika kwa mafundi walioweza kukibadilisha kila kipande cha bunduki isipokuwa mtutu. Kitako kilichovunjika kilichongwa upya kwa mti wa nchi. Mtutu uliolegea ulifungwa kwa waya wa shaba au kwa ngozi mbichi iliyoachwa ikauke na kubana. Bunduki ya gumegume iligeuzwa ya fataki, na fataki zilipokosekana ikarudishwa kwenye gumegume, maana mawe ya gumegume kutoka Brandon, Uingereza, yalikuwa rahisi na mepesi kubebwa. Huko Oman na katika nyumba za Waarabu wa Unguja, kadhalika, ile bunduki ya mrao iitwayo abu fatila mara nyingi ilikuwa mtutu wa kale wa Kiajemi au wa Kihindi uliounganishwa na kitako kipya na pingu za fedha na sonara wa nchi, ikapita kutoka baba hadi mwana hadi mjukuu. Hizo nazo ni bunduki za kipimo, kwa maana ya haki: fundi alimjua mwenye bunduki, alizijua nguvu zake, alijua anakwenda kupiga nini, na alikuwapo kesho kuulizwa. Anayenunua kochi kwa maseremala wa Ngong Road, akalilinganisha na lile la dukani lililosafiri baharini likiwa vipande ndani ya sanduku, anaifahamu tofauti hiyo siku mguu wa kochi unapolegea, maana anajua mlango wa kubisha. Fundi wa London alikuwa fundi kweli, lakini kwa mtu wa Tabora au Mengo alikuwa mbali kama kiwanda chochote, na kazi yake ilipoharibika iliharibika mara moja kwa daima.

Nimesikia hoja nyingine, yenye nguvu zaidi kuliko hizo zote, nayo yastahili jibu lenye adabu. Husemwa: ikiwa gobori lilikuwa na thamani, mbona yale Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, yaliyozuia bunduki za kutia risasi kwa nyuma na zenye mifuo zisiuzwe kwa Waafrika, yaliziacha zile za gumegume za mtutu laini ziendelee kuuzwa kwa ruhusa ya serikali? Je, si ushahidi kwamba Wazungu wenyewe walijua kuwa hazina maana? Nami najibu kwamba ni ushahidi wa jambo jingine. Waliokutana Brussels walikuwa wakikusudia kuzitwaa nchi, na swali lao halikuwa kama bunduki hii inamfaa mkulima, mwindaji au mlinzi wa msafara. Swali lao lilikuwa kama inaweza kusimama mbele ya bunduki ya rashasha ya Maxim. Haikuweza. Wakati wa Maji Maji, tangu 1905 hadi 1907, hilo lilionekana kwa msiba mkubwa. Lakini bunduki ya Purdey ya kushindilia isingaliweza vilevile, wala ile ya Whitworth, wala mtoto wa mzinga wa Baker. Mbele ya Maxim bunduki zote za kushindilia zilikuwa sawa, ya pauni 100 na ya shilingi 10, na kwa hiyo hukumu ya Brussels haiwezi kutumiwa kuamua kati yake. Tena zipo habari za upande wa pili: mwaka 1867 mfanyabiashara Tippu Tip, kwa bunduki za wakati huo, ambazo hazikuweza kuwa nyingine ila za kushindilia, alimvunja Nsama wa Itawa, mtawala aliyeogopwa na nchi nzima; na Kabarega wa Bunyoro, kwa silaha za kila namna, magobori yakiwa miongoni mwake, aliwasumbua maadui zake hadi alipokamatwa mwaka 1899. Watu hao hawakupigana kwa mabomba.

Ukubwa wa soko nao una neno la kusema. Kanali Euan-Smith, balozi wa Uingereza katika Unguja, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka, na ingawa kwa wakati huo nyingi zilikuwa za namna mpya zaidi, biashara hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka mingi juu ya gobori. Mnunuzi hupunjwa mara moja, pengine mara mbili. Watu wa nchi nzima, wenye lugha mbalimbali na masoko mbalimbali, hawapunjwi kwa bidhaa ile ile kwa miaka 50 huku wakirudi kuinunua na kuilipia kwa pembe, mali waliyojua fika jinsi inavyotafutwa pwani. Wafanyabiashara wa Liège walipiga chapa ya "Tower", iliyokuwa ya Waingereza, juu ya mitambo yao, na hawangalihangaika kughushi chapa kama wanunuzi wasingalikuwa na macho ya kuchagua. Kumwita mnunuzi huyo mjinga ni dharau, na dharau hiyo yaumiza zaidi inapotoka katika vinywa vya wajukuu zake.

Nilisema nitayarudia ya ndovu, na siwezi kuyaacha ya watumwa. Bunduki niliyoisifu kwa thamani yake ya fedha ilikamatia watu, ilichoma vijiji, na ilimaliza wanyama katika nchi ambazo leo hazina hata alama ya unyayo wao. Kila nilichosema juu ya thamani yake kinaifanya dhima hiyo kuwa nzito zaidi, si nyepesi zaidi. Maana kama gobori lingalikuwa takataka kama wanavyodai, madhara yake yangalikuwa machache. Wale wanaopenda kutuambia kwamba wazee wetu walipewa vyombo visivyofanya kazi wanawaondolea, bila ya kukusudia, na lawama ya kazi viliyoifanya. Nchini Tanzania magobori yangali yakifuliwa na wafua chuma wa vijijini, na serikali imetoa mara kwa mara msamaha kwa anayelisalimisha lake kwa hiari. Msamaha huo nauunga mkono, na yeyote mwenye silaha ya namna hiyo Kenya au Tanzania na aifuate sheria ya nchi yake. Chombo kilicho rahisi, kinachodumu na kinachotengenezeka ni cha kuogopwa kwa sababu hizo hizo.

Limebaki jambo moja la vitendo, nalo lawahusu wanaoyahifadhi magobori ya kale kwa ruhusa, katika nyumba zao au katika majumba ya makumbusho. Upo mtindo wa kulisafisha gobori mpaka lirejee kama lilivyotoka Ulaya: waya wa shaba hung'olewa kwa kuwa eti ni ufundi wa kishenzi, kitako cha mti wa nchi huvuliwa likatiwa kingine cha jozi, kutu huondolewa pamoja na alama za nyundo ya fundi wa pili na wa tatu, na bunduki ikatoka humo iking'aa kama iliyokuwa dirishani Birmingham, na kwa hiyo, kwa hesabu ya anayeuza, iwe ghali zaidi. Kinachoondolewa hapo ni sehemu yote iliyokuwa ya kipimo. Mtutu huo ulifuliwa mara elfu na mtu asiyejua unakwenda wapi. Waya ule ulifungwa mara moja, na mtu aliyejua. Anayeandika kibandiko na aueleze waya huo, aseme mti wa kitako ni mti gani na wa nchi ipi, aonyeshe mahali gumegume ilipogeuzwa fataki, kabla ya kuusoma muhuri wa Ulaya. Na fundi atakayeletewa gobori la namna hiyo ili alivue waya wake, namwomba akatae.